Matofali na Vitabu: Maisha ya Wanafunzi wa Tuskegee, na Somo Lake kwa Shule Zetu

Nazungumza nanyi kutoka Mafinga, huku Uhehe, mahali penye baridi, ambapo asubuhi ya mwezi wa Juni ukungu hutanda juu ya misonobari hata mtu asimwone mwenzake ng'ambo ya barabara. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana ambao kesho watawafundisha wengine.

Siku moja tulikuwa tukibeba mawe ya msingi wa bweni jipya. Kijana mmoja alitua jiwe lake, akajifuta jasho, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, tumekuja hapa kujifunza kufundisha, au kujifunza kujenga?" Wenzake wakainamisha vichwa, wakingoja nikasirike. Sikukasirika. Swali hilo niliwahi kuulizwa zamani na mtu mwingine, na siku ile nilikasirika sana, na hasira yangu ikaniletea aibu. Habari ya aibu hiyo nitaieleza kabla sijamaliza. Lakini kwanza nataka tusafiri pamoja hadi nchi ya mbali, maana swali la kijana yule ni la zamani, nalo limeulizwa na watu wengi kabla yake.

Katika Marekani, upande wa kusini, liko jimbo liitwalo Alabama, na ndani yake mji mdogo uitwao Tuskegee. Watu weusi wa nchi ile walikuwa watumwa hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Walipopata uhuru, walikuwa na njaa ya chakula na njaa ya elimu, na njaa hii ya pili ilikuwa kali kama ile ya kwanza. Wazee walikaa darasani pamoja na wajukuu wao ili wajue kusoma. Mwaka 1881 Baraza la Alabama lilikubali kutoa dola 2,000 kila mwaka kwa mishahara ya walimu wa chuo cha ualimu cha watu weusi. Lakini halikutoa shamba, wala nyumba, wala kiti.

Mtu aliyeitwa kuanzisha chuo hicho alikuwa Booker T. Washington, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Yeye mwenyewe alizaliwa utumwani, akafanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, kisha akasoma katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia. Alipofika Tuskegee alitazama huku na huku akitafuta chuo chake, asikione. Alipewa kibanda kibovu karibu na kanisa. Tarehe 4 Julai, 1881, akafungua chuo humo akiwa na wanafunzi 30 na mwalimu mmoja, ndiye yeye. Paa lilivuja sana. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha somo lake, akamshikia mwalimu mwavuli mpaka wenzake wamalize kusoma. Ninyi walimu wenzangu mnaofundisha chini ya paa lililotoboka, mjue kwamba mna ndugu katika historia.

Baada ya miezi michache, Bwana Washington alikopa dola 250 kwa mtunza fedha wa Hampton ili aanze kulipa bei ya shamba kuukuu la ekari 100, ambalo bei yake ilikuwa dola 500. Nyumba kubwa ya shamba hilo ilikuwa imeungua. Yaliyobaki yalikuwa kibanda kilichokuwa zamani chumba cha kulia, jiko, zizi la farasi na banda la kuku. Basi wakasafisha zizi, wakasomea humo. Wanafunzi walipoongezeka, wakasafisha na banda la kuku, nalo likawa darasa.

Sasa lilikuja neno gumu. Mwalimu alitangaza kwamba baada ya masomo ya mchana watakwenda kufyeka shamba. Wanafunzi hawakufurahi hata kidogo. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa walimu wa vijijini, na waliona kwamba jembe na shoka ni alama ya utumwa ambao wazazi wao walikuwa wameutoka juzi tu. Mtu aliyetoka utumwani hapendi kurudishwa shambani, hata kama anayemwita ni rafiki yake. Bwana Washington hakubishana nao. Alitwaa shoka lake, akatangulia porini. Walipoona mwalimu haoni haya kushika shoka, wakamfuata mmoja mmoja, hata ekari 20 zikawa tayari kupandwa.

Pamoja naye alikuwapo Bibi Olivia Davidson, mwalimu hodari, ambaye alizunguka mjini nyumba kwa nyumba, kwa weusi na kwa weupe, akiomba keki, kuku, mkate, kitu chochote kinachoweza kuuzwa katika karamu ili fedha ziingie katika mfuko wa chuo. Deni la shamba likalipwa. Nyumba kubwa ya kwanza iliitwa Porter Hall, kwa jina la mfadhili mmoja wa Brooklyn. Wanafunzi wenyewe walichimba msingi wake.

Nawaomba sasa mwone maisha ya wanafunzi hao katika miaka ile ya kwanza, maana sisi walimu hupenda kusifu nyumba na kusahau waliolala ndani yake. Jiko na chumba cha kulia vilikuwa katika shimo walilochimba wanafunzi chini ya nyumba. Mara nyingi chakula hakikuwa tayari kwa wakati; na kikiwa tayari, huenda nyama haikuiva au chumvi imesahauliwa. Magodoro walishona wenyewe kwa vitambaa vya bei rahisi, wakayajaza majani ya msonobari. Wengine walikuwa hawajapata kulala juu ya kitanda chenye shuka mbili, wasijue walale juu ya zote mbili, au chini ya zote mbili, au katikati. Bwana Washington alisisitiza juu ya maji ya kuoga, vifungo vya nguo na mswaki. Palikuwa na wanafunzi waliofika chuoni bila kitu kingine ila mswaki, kwa kuwa walisikia kwamba asiye nao hapokelewi.

Waliokosa ada hawakufukuzwa. Mwaka 1884 ilifunguliwa shule ya usiku. Mwanafunzi alifanya kazi saa kumi mchana, akasoma saa mbili usiku. Ujira wake uliwekwa akiba, na baada ya muda akiba hiyo ikamlipia masomo ya mchana. Fikirini, wasikilizaji: baada ya saa kumi za kubeba na kupasua mbao, kijana anafungua kitabu mbele ya taa, na macho yanataka kufumba. Asiyependa elimu hawezi kazi hiyo.

Habari ya matofali ndiyo inayojulikana kuliko zote, nami nitaieleza kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake. Katika mji ule hapakuwa na tanuri la matofali, na chuo kilihitaji kujenga. Wakaamua kufyatua yao. Walisimama katika shimo la udongo, tope likiwafika magotini, na wengine wakaacha chuo kwa kuchoka na kuchukia. Tanuri la kwanza halikuchoma vizuri. La pili likaharibika. La tatu lilionekana jema, lakini likaporomoka katikati ya usiku siku za mwisho za kuchoma. Fedha zilikuwa zimekwisha. Bwana Washington akaichukua saa yake ya mfukoni, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na fedha hizo kuwakusanya tena wanafunzi waliokata tamaa. Tanuri la nne likaiva. Saa yake hakuipata tena, naye hakuijutia.

Tangu hapo wazungu wa jirani, ambao hawakukipenda chuo cha watu weusi, walianza kuja kununua matofali, kwa kuwa yalikuwa mazuri na wao walikuwa wakiyahitaji. Mkono ukafungua mlango ambao maneno matupu yasingeufungua.

Kufika mwanzo wa karne ya ishirini, chuo kilikuwa kimegeuka kabisa. Mchoraji wa majengo yake mengi alikuwa Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, mwaka 1892. Kanisa la chuo alilolichora lilikamilika mwaka 1898, kwa matofali ya wanafunzi, nalo lilikuwa jengo la kwanza katika wilaya ile kuwa na taa za umeme ndani. Kanisa hilo liliungua mwaka 1957. Mwaka 1901 maktaba ilijengwa kwa dola 20,000 za tajiri Andrew Carnegie, na waliojenga walikuwa wanafunzi. Mwaka 1896 alifika Bwana George Washington Carver, mtaalamu wa mimea, akakuta chumba cha majaribio kisicho na vyombo. Akawatuma wanafunzi jalalani waokote chupa, mitungi na vyuma, wakatengeneza vyombo vyao wenyewe. Mwaka 1906 chuo kilianza kupeleka gari lenye mbegu na zana kwa wakulima wa vijijini, ili mkulima asiyeweza kwenda shule afuatwe na shule shambani kwake. Bwana Washington alipofariki mwezi wa Novemba mwaka 1915, chuo kilichoanza kibandani kilikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kiasi cha 1,500.

Ningeweza kunyamaza hapa, nanyi mngesema: hadithi njema, mwalimu ametushauri tubebe matofali. Lakini nusu ya habari si habari.

Tangu mwanzo wazazi wengi wa Tuskegee walilalamika. Walileta barua na wengine wakaja wenyewe, wakisema: hatukumleta mtoto wetu hapa afanye kazi, tumemleta asome vitabu. Bwana Washington aliwajibu kwa subira, wala hakubadili njia yake. Baadaye mwanachuoni mkubwa wa watu weusi, W. E. B. Du Bois, katika kitabu alichokitoa mwaka 1903, alimpinga hadharani. Bwana Du Bois hakudharau kazi ya mikono. Alichosema ni kwamba watu wasiopewa elimu ya juu wala haki ya kupiga kura hawataweza hata kuilinda mali waliyoichuma kwa ufundi wao. Tena aliuliza: walimu wa shule hizo za ufundi watatoka wapi, ikiwa hapana vyuo vikuu vya kuwafundisha? Na kweli, wengi wa walimu wa Tuskegee walikuwa wamesoma katika vyuo vikuu.

Mwaka 1927 mambo yalizuka Hampton kwenyewe, chuo mama cha Tuskegee. Wanafunzi waligoma. Mgomo ulianza kwa jambo lililoonekana dogo: wakati wa kuonyeshwa picha za sinema, wakuu waliagiza taa ziachwe zikiwaka ili wanafunzi wachungwe kama watoto. Lakini chini ya jambo hilo palikuwa na madai makubwa: walitaka masomo ya kiwango cha juu zaidi, walimu wenye elimu inayostahili, na kutendewa kama watu wazima. Miaka mingi walikuwa wamesifiwa kwa mikono yao. Sasa walitaka na vichwa vyao vihesabiwe.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: Marekani ni mbali, na sisi wa Mufindi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana habari za Tuskegee na Hampton zilikuja mpaka kwetu. Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, kuchungua elimu ya Waafrika, nayo ilipita Tanganyika. Mkuu wake, Bwana Thomas Jesse Jones, alikuwa amefundisha Hampton. Miongoni mwao alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyesoma na kufundisha katika chuo cha Livingstone huko North Carolina. Ndiye aliyetoa mfano wa kinanda: kwamba mtu aweza kupata sauti kwa kupiga vibao vyeupe tu, au vyeusi tu, lakini wimbo kamili huhitaji vyote. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha yake: kilimo, afya, ufundi na nyumba.

Miaka minne baadaye, mwaka 1928, Serikali ya Tanganyika ilifungua shule Malangali, katika Mufindi hii hii yetu, chini ya Bwana W. B. Mumford. Bwana huyu aliogopa kwamba shule humtenga mtoto na watu wake. Kwa hiyo alitaka shule ifanane na nyumbani. Wavulana walivaa shuka badala ya kaptula na shati. Wazee wa kabila waliitwa waje kufundisha mila. Ngoma zilichezwa na mikuki ikarushwa, na katika maisha ya shule wakaigwa watu wa nchi hii. Watu wa elimu wa Ulaya walisoma habari hizo kwa hamu kubwa.

Lakini wengi wa wale waliokuwa na watoto shuleni hawakuwa na hamu hiyo. Walitaka kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza, kama walivyofundishwa wengine. Na sababu yao si vigumu kuielewa. Mzazi wa Kihehe hakuhitaji mgeni wa kumfundisha mwanawe kurusha mkuki. Jambo hilo alilijua kuliko mgeni. Alimpeleka shuleni apate kile ambacho nyumbani hakikuwapo. Alipomwona mwanawe amevikwa shuka wakati watoto wa shule nyingine wamevaa kaptula, aliona kana kwamba mlango umefunguliwa nusu. Sisemi kwamba Bwana Mumford alikuwa na nia mbaya. Aliheshimu desturi zetu wakati ambapo wengi walizidharau. Lakini heshima isiyomwuliza mwenyewe anataka nini ina upungufu. Baada ya kuondoka kwake njia ile iliachwa, na Malangali ikawa shule kama shule nyingine, nayo imelea wasomi wengi wa nchi yetu.

Sasa tulinganishe na habari ya jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1927, mwaka ule ule wa mgomo, kijana wa Kiambu, Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, alikwenda kusoma Hampton. Kisha akaendelea katika vyuo vikuu vya Ohio Wesleyan na Columbia. Alirudi kwao mwaka 1938, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Waafrika huko Githunguri. Hapakuwa na tajiri wa Brooklyn wa kuwajengea. Watu walichanga kwa marika yao, rika hili likishindana na rika lile, kila moja lisikubali kupitwa. Na wanawake nao wakasema hawataachwa nyuma, wakachanga fedha za bweni la wasichana. Chuo hicho kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari. Lakini hakuna aliyelazimishwa kubeba jiwe la Githunguri. Waliolibeba walijua litakwenda wapi, na nani atalala chini ya paa lake.

Basi nimefika kwenye deni langu, ile habari ya aibu niliyoahidi.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, nilisoma habari za Bwana Washington, nikawaka moto. Tulihitaji bweni. Nikawaambia wavulana: tutafyatua matofali wenyewe. Sikuwauliza, niliwatangazia. Kila siku baada ya chakula cha mchana waliteremka bondeni, wakakanyaga udongo, wakajaza vibao. Kazi ilipochelewa, nilichukua kipindi cha hesabu. Ilipozidi kuchelewa, nikachukua na cha Kiingereza. Nilikuwa na haraka ya kuonekana mtu wa maendeleo. Na mimi, tofauti na yule niliyemwiga, sikuingia topeni. Nilisimama ukingoni na daftari, nikihesabu.

Jioni moja mvulana mmoja, mtulivu, asiyezoea kusema, alikuja mlangoni kwangu. Alisema: "Shikamoo, Mwalimu. Baba aliuza ng'ombe ili nije shule. Likizo akiniuliza nimejifunza nini muhula huu, nitamwonyesha mikono yangu?"

Nilimjibu kwamba ni mvivu na mjeuri. Nikampa adhabu ya kuteka maji juma zima.

Mvua za mwanzo zikatukuta. Nilikuwa nimeharakisha, matofali hayajakauka vema, nikaamuru tanuri lipangwe na kuwashwa. Tulichoma siku nne. Tulipofungua, matofali ya kando yalikuwa mabichi, na ya katikati yamepasuka. Katika matofali 6,000, yaliyofaa hayakutosha kujenga hata jiko. Nikawalaumu wavulana.

Palikuwa na mzee mmoja fundi wa jirani, aliyepita njiani na mkongojo wake. Aliokota kipande, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza, akaniambia: "Mwanangu, tofali bichi haliivi, lina maji ndani, na maji yakipata moto hutafuta pa kutokea. Lazima likauke kivulini chini ya majani, polepole, lisichomwe na jua wala kunyeshewa na mvua. Na tanuri ukandike udongo nje pande zote, moto usitoroke. Kisha ukiisha kuchoma, ungoje lipoe lenyewe." Akanyamaza kidogo, akatazama wavulana, akaongeza: "Na hawa nao umewaharakisha."

Juma lile lile alifika baba wa yule mvulana. Alikuwa ametembea kutwa. Alivua kofia, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akaniamkia kwa heshima iliyonizidi kuumiza. Hakugomba. Aliomba tu aonyeshwe daftari la mwanawe la hesabu. Nilikwenda kulileta, nikalifungua njiani. Kurasa za majuma sita zilikuwa nyeupe. Wasikilizaji wangu, nimepata kusimama mbele ya wakaguzi wengi, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa kumkabidhi mzee yule daftari tupu. Hakujua kusoma, lakini ukurasa mweupe hauhitaji kusomwa. Akauliza: "Mwalimu, na haya hapa?"

Nilimwomba radhi. Kesho yake niliwakusanya wavulana, nikawaomba radhi na wao, na yule mvulana nikamtaja mbele ya wenzake kwamba alisema kweli nami nikamwadhibu. Kisha nikawauliza: bweni tulitaka au hatulitaki? Walijadiliana bila mimi, maana niliondoka niwaache. Waliponiita, walisema wanalitaka, kwa sababu walikuwa wakilala wanne kwenye vitanda viwili. Lakini walitoa masharti: vipindi visiguswe, kazi iwe saa moja na nusu kwa siku, na Jumamosi asubuhi, mzee fundi aitwe awafundishe, na mwalimu aingie topeni.

Niliingia. Mzee alitufundisha kuchagua udongo, kufinika kwa majani, kuacha midomo ya moto, kukandika. Hesabu tukaifanyia tanurini: safu 20, kila safu matofali 300, ni mangapi? Ukuta wa urefu huu unakula mangapi? Kuni kiasi gani? Yule mvulana mtulivu ndiye aliyeshika daftari la hesabu, si mimi. Tanuri la pili liliiva jekundu, na kila tofali ukiligonga lililia kama chungu kizima. Bweni lilisimama mwaka uliofuata. Lakini yule baba hakuja kulitazama bweni kwanza. Alipofika aliomba tena daftari, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa, polepole, akiona wino kila mahali, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akasema, "Sasa nionyesheni hiyo nyumba."

Tangu siku hiyo, ninapofundisha walimu wapya, huwaambia maneno machache ambayo nawaachia na ninyi.

Kazi ya mikono si aibu, na mtu aliyesoma akaona haya kushika jembe amesoma nusu. Tuskegee ilithibitisha hayo kwa zaidi ya majengo 100. Lakini mwalimu asitumie sifa za kazi kufunika kipindi kilichopotea. Mzazi anapouza ng'ombe, ameununua ukurasa ule. Si mali ya mwalimu wala ya bweni. Kazi ikiingia shuleni, iingie kama somo: iwe na fundi anayeijua, na saa zake, na hesabu yake, na sababu ambayo mwanafunzi anaweza kumweleza baba yake. Wala tusiwaamulie watu kila jambo tukidhani tunawapenda. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi yake. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua. Wengi wetu tulishika sehemu ya kwanza, ya jembe, na ya pili tukaisahau.

Nanyi vijana mlio mashuleni, msidhani nimewapa ruhusa ya kukaa kivulini. Ulizeni kwa adabu, kama alivyouliza yule mvulana. Na mkiisha kujibiwa sawasawa, ingieni topeni kwa moyo mmoja. Nyumba mliyoijenga wenyewe hamtaivunja madirisha.

Kijana wetu wa chuo, aliyeuliza juu ya mawe, nilimjibu hivi: "Umekuja kujifunza kufundisha. Bweni hili tunalijenga kwa saa tulizokubaliana, na kesho saa mbili utakuwa darasani, nami nitakuwapo." Akacheka, akainua jiwe lake. Mimi nikainua langu, ingawa mgongo wangu siku hizi hunionya.